Kumpiga Mtoto Picha Akicheza Msituni: Mwongozo kwa Wanaoanza, Hapa Nairobi

Kila Jumatatu simu yangu hujaa maswali yale yale kutoka kwa wazazi waliotoka na watoto mwisho wa juma. Mbona uso wa mtoto umetoka mweusi tii na mbingu nyeupe pe? Mbona kila picha ina ukungu? Mtoto asiyetulia nimfanyeje? Simu hii yangu inatosha, au nianze kuweka akiba ya kamera? Kwa miaka nimekuwa nikimjibu mmoja mmoja. Leo nayajibu yote pamoja, kwa ajili yako uliye na mtoto wa mwaka mmoja hadi sita hivi na unayetaka kumpiga picha akiwa nje, kwenye nyasi, majani, matope na maji.

Kwanza jambo moja, maana hatua zote hapa chini zinalitegemea. Usimpige picha mtoto peke yake. Mpige pamoja na kile kinachomshangaza.

Hili nilifundishwa na mpwa wangu alipokuwa na miaka minne. Tulikuwa Arboretum, ile bustani ya miti hapa Nairobi, asubuhi baada ya mvua ya Aprili, na alikuwa amechuchumaa juu ya gogo lenye maji akimwangalia jongoo mnene mweusi. Mimi na kamera yangu nilisimama mbele yake nikiita, "Tazama hapa! Cheka kidogo!" Nilipiga picha zaidi ya thelathini. Zote zina mtoto aliyekodoa macho na kukenua meno kwa sababu ameambiwa. Dada yangu alikuwa amechuchumaa kando yake na simu yenye kioo kilichopasuka. Alipiga picha moja tu: kidole cha mtoto kimemgusa jongoo, jongoo amejikunja kama pete, na mdomo wa mtoto umefanya mviringo ule ule wa jongoo. Picha hiyo ndiyo iko ukutani kwao hadi leo. Zangu sijui ziko wapi.

Vya kuandaa kabla ya kutoka

Simu au kamera yoyote uliyo nayo. Simu ya kawaida inatosha kabisa kwa kazi hii, na kwa mwanzo ni afadhali, kwa kuwa mtoto ameizoea na haiogopi. Ukiwa na kamera ya kubadilisha lenzi, chukua lenzi moja tu, ile ya milimita 35 au 50, na zile nyingine uziache nyumbani.

Kitambaa laini cha kupangusa kioo cha kamera.

Shuka au leso mbili. Moja iwe nyeupe au ya rangi hafifu, utaiona kazi yake kwenye hatua ya saba. Nyingine ni ya kupigia magoti.

Nguo za mtoto zenye rangi moja tulivu: manjano ya haradali, kahawia, buluu, nyekundu iliyofifia. Epuka fulana za rangi inayong'aa kama koti la mwendesha bodaboda. Rangi hiyo hudundia kidevuni na shingoni, na hakuna programu itakayoiondoa vizuri. Fulana yenye katuni kubwa kifuani nayo huvuta jicho la mtazamaji kuliko uso wa mtoto. Mvalishe gambuti, na ubebe nguo za kubadilisha, kwa sababu atalowa.

Chakula kwenye chombo chenye kifuniko kinachobana. Kima wa Arboretum na City Park wanaujua mlio wa karatasi ya mandazi ukiwa mbali, na watamnyang'anya mtoto mkononi bila haya.

Maji kwenye chupa ya chuma au nyingine ya kutumia tena na tena. Tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi katika misitu na hifadhi zetu, kwa hiyo ile chupa ya dukani itaishia getini.

Na mtu mzima wa pili. Hiki ndicho kifaa muhimu kuliko vyote. Jicho lako likiwa kwenye kioo cha simu, hulioni shimo, hulioni ziwa, huwaoni siafu. Kama uko peke yako na mtoto wa chini ya miaka mitatu karibu na maji, siku hiyo usipige picha.

Hatua kwa hatua

1. Chagua mahali padogo. Watu hudhani lazima waende msitu wa Karura na kutembea kilomita sita. Mtoto wa miaka mitatu anahitaji eneo la ukubwa wa sebule lenye gogo moja, majani makavu na kidimbwi. Karura ni msitu wa karibu hekta 1,000. Ukiingia, kaa karibu na geti uliloingilia, na maporomoko uyaachie siku ambayo miguu yake imekua. Arboretum, iliyoanzishwa mwaka 1907 kujaribia miti ya kigeni, ina zaidi ya aina 300 za miti, kwa hiyo kila hatua ishirini mwanga unabadilika. Ndiyo ninayowapendekezea wanaoanza. Msitu wa Oloolua, upande wa Karen, inafaa watoto wa miaka mitano kwenda juu. Walio karibu na mjini wana bustani ya Michuki, kando ya Mto Nairobi. Na kama nauli haipo, ule uwanja wa nyasi nyuma ya ploti yenu, penye mti mmoja wa mparachichi, unatosha kwa mwezi mzima wa kujifunza.

Ukienda na kamera kubwa na vifaa, uliza getini kwanza kama kuna ada ya upigaji picha. Usisubiri askari akukute katikati ya kazi.

Tukiwa Karura mimi huwaeleza watoto kwamba mwaka 1999 Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira, na wenzake walipigwa na kujeruhiwa hapo wakijaribu kupanda miti, kwa kuwa msitu ulikuwa ukigawiwa wajenzi. Wanasikiliza kwa makini sana. Kisha wanaenda kuugusa mti walio karibu nao, na hapo uwe tayari na simu yako.

2. Chagua saa. Nairobi iko karibu kabisa na Ikweta. Ifikapo saa sita mchana jua liko utosini, na Machi na Septemba huwa karibu wima kabisa. Macho ya mtoto hugeuka mashimo mawili meusi na pua hung'aa. Nenda saa mbili hadi saa tatu na nusu asubuhi, mtoto akiwa amelala vizuri na amekunywa uji. Jioni, kuanzia saa kumi na moja, mwanga ni mzuri hata zaidi, lakini mtoto amechoka, na misitu mingi hufungwa karibu saa kumi na mbili.

Usiogope Julai. Watu hulalamikia mawingu ya Julai, nami huyangoja. Wingu zima la Nairobi huwa kama pazia moja jeupe juu ya uso wa mtoto, hakuna kivuli kikali, na unaweza kupiga hata saa saba mchana. Mvalishe sweta tu.

3. Tayarisha simu ukiwa nyumbani. Pangusa kioo cha kamera. Nusu ya picha "zenye ukungu" ninazotumiwa zina mafuta ya vidole, hasa vidole vilivyotoka kula chipsi. Futa video za zamani upate nafasi. Kisha zima kichujio cha urembo. Simu nyingi huja kikiwa kimewashwa, nacho hulainisha ngozi na kuifanya nyeupe. Ngozi ya mtoto wako haina kasoro ya kusafishwa, na sitaki akue akiangalia picha zake za utotoni zilizopaushwa na mashine.

Zima pia ile hali ya kutia ukungu nyuma ya mtu. Kwa mtoto anayetembea hukosea kingo, na nywele za afro au za kusuka huzikata kama kwa makasi butu.

Kwa wenye kamera: kasi ya shata, yaani pazia la kamera linalofunguka na kufunga, isishuke chini ya 1/500 ya sekunde mtoto akikimbia, na 1/1000 akiruka au akirusha maji. Akiwa amechuchumaa, 1/250 inatosha. Tundu la lenzi, linaloingiza mwanga, liwe f/2.8 hadi f/4; namba ikiwa ndogo, tundu ni pana na ukungu wa nyuma ni mwingi. Wengi hukimbilia f/1.8 kwa kupenda ukungu wa nyuma, kisha wanashangaa jicho moja ni kali na la pili limeyeyuka. ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, iache ijipange yenyewe, ukomo 3200. Fokasi, yaani mahali kamera inapokaza ukali, iwe ile ya kufuata kitu kinachosogea, na kama kamera yako ina ya kutafuta jicho, iwashe.

4. Fika, kisha usipige picha. Dakika kumi na tano za kwanza simu ikae mfukoni. Mtoto ataangalia huku na huku, atauliza maswali, atakushika mguu, kisha atakuachia. Akishakuachia, anza. Wanaoruka hatua hii hupata picha za mtoto aliyeganda.

5. Mpe kazi, usimpe pozi. Usimwambie "simama pale" wala "cheka." Mwambie: "Nitafutie jani kubwa kuliko uso wako." "Hebu tuone maji yanaenda wapi." "Mti huu unanukiaje?" Mtoto wa mwaka mmoja na nusu hahitaji hata maneno, mpe kijiti tu. Oktoba mijakaranda ikichanua, njia hujaa maua ya zambarau, na mtoto akiyavisha vidoleni kama kofia ana kazi ya nusu saa. Baada ya mvua kuna konokono, jongoo, na vidimbwi.

Neno "cheka" liondoe kabisa kwenye msamiati wako wa siku hiyo. Mtoto aliyezama katika jambo mara nyingi hachekelei. Amekaza macho, ulimi umetoka pembeni mwa mdomo. Hiyo ndiyo sura ya mtoto anayefurahia, na ukiisubiri utaipata mara nyingi kuliko kicheko.

6. Shuka chini. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Tandika leso, piga magoti, na kamera iwe kwenye kimo cha macho yake. Akiwa amechuchumaa, lala kifudifudi. Ukipiga ukiwa umesimama unapata utosi na udongo. Ukishuka, mgongoni mwake panatokea miti, na jani aliloshika linakuwa kubwa kama yeye anavyoliona.

Kabla hujalala chini, tazama ardhi. Baada ya mvua siafu hupita kwa mistari myeusi kwenye njia za msitu, na wakiingia kwenye gambuti la mtoto safari imekwisha. Ikitokea, mvue nguo zote mara moja na uwachomoe mmoja mmoja, kwa sababu hawatoki kwa kupangusa. Tazama pia upupu, ule ambao Wakikuyu huuita thabai. Majani yake yana meno na nywele nyembamba zinazowasha. Mwonyeshe mtoto mmea huo mnapofika, ili aujue.

7. Tafuta mwanga wa kando. Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo picha za watoto wetu hupotelea.

Kamera haijui kwamba unamtaka mtoto. Inapima mwanga wa picha nzima na kutafuta wastani. Mbingu ikiwa nyuma yake, kamera inaona weupe mwingi na kupunguza mwanga, na uso wenye ngozi nyeusi unazama. Dawa yake ni mbili. Ya kwanza, sogea mpaka nyuma ya mtoto pawe na miti, pasiwe na mbingu. Ya pili, gusa uso wake kwenye kioo cha simu, ushikilie mpaka fokasi na mwanga vijifunge hapo, kisha vuta kidole juu kidogo mpaka uone mashavu yake yana rangi yake halisi. Kwenye kamera ongeza mwangaza hatua moja hivi (+1). Angalia uso tu. Nyuma pakiungua kidogo si hasara.

Katikati ya msitu mnene mwanga hupita kwenye majani na kugeuka kijani, na ngozi ya mtoto huonekana kama mgonjwa. Kwa hiyo mkalishe ukingoni mwa kivuli, hatua moja au mbili ndani, uso ukielekea kwenye uwazi. Macho yatapata nukta ya mwanga, na ngozi nyeusi itaonyesha mng'ao wake wa kweli kwenye paji la uso na mashavu.

Kuna siri ambayo udongo wetu unatupa bure. Njia nyingi za Karura ni za udongo mwekundu. Saa tatu asubuhi jua likipiga njia, nawe umemkalisha mtoto kivulini kando yake, udongo hurudisha mwanga wa joto kutoka chini, kama mtu aliyewasha jiko la makaa mbele yake. Kivuli cha chini ya macho hutoweka. Pasipo na njia kama hiyo, tandaza ile shuka nyeupe chini mbele ya mtoto, nje ya picha. Inafanya kazi hiyo hiyo, ingawa bila ule wekundu ninaoupenda.

Usitumie fleshi. Inaua mwanga wote niliokueleza, na inamkatiza mtoto.

8. Piga mfululizo, kisha subiri. Shikilia kitufe upige picha tano au kumi kwa mkupuo, jambo linapotokea: jani linaanguka, maji yanaruka, kinyonga anageuza jicho. Halafu acha. Usipige mfululizo dakika thelathini nzima, utarudi na picha 900 na hutazichambua kamwe. Usivute kwa kukuza kwenye kioo cha simu, maana picha inachanika. Sogea kwa miguu yako, au kwa magoti.

9. Piga na vile visivyo uso. Mikono yenye matope. Nyayo kwenye ardhi laini. Mgongo wake mdogo ukiwa mbele ya shina la mti mkubwa. Miaka kumi baadaye hizi ndizo wazazi huniambia zinawatoa machozi, kwa sababu mikono ile haipo tena.

10. Acha mapema. Akianza kusugua macho, kaa chini naye, mle, na simu irudi mfukoni. Saa moja inatosha. Mtoto aliyelazimishwa kuendelea atakumbuka, na safari ijayo akiona kamera atageuza uso.

Kabla ya kuweka picha mtandaoni

Watoto wengine wataingia kwenye picha zako, maana ni bustani ya umma. Usiwasambaze bila kuwauliza wazazi wao. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi, na picha ya uso wa mtoto ni data. Mwaka 2023 shule moja ilitozwa faini ya zaidi ya shilingi milioni 4 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini hiyo. Hata za mwanao: ficha beji ya shule, zima kumbukumbu ya mahali kwenye simu, na picha aliyovuliwa nguo akicheza majini ibaki ya nyumbani tu.

Mambo yakienda mrama

*Picha zina ukungu.* Kama kioo ni safi, tazama kama kila kitu kina ukungu au mtoto tu. Mtoto tu: amesogea, kwa hiyo tafuta mahali penye mwanga zaidi au ongeza kasi ya shata. Kila kitu: mkono wako umetetemeka. Bana viwiko mbavuni.

*Mtoto anatazama kamera kila mara.* Umeanza kupiga mapema, rudi hatua ya nne. Au mwachie yeye simu, akupige wewe picha mbili. Udadisi ukimwisha, atarudi kwenye majani yake.

*Anakunja uso.* Jua liko machoni. Mgeuze, jua liwe begani mwake.

*Uso una madoadoa ya mwanga.* Jua linapenya kwenye matawi. Sogea hatua tatu hadi kivuli kizito zaidi, au subiri wingu.

*Picha ni nzuri kwenye simu yangu, mbaya kwa shangazi yake.* WhatsApp imeibana. Itume kama dokumenti.

*Analia.* Weka simu chini, mbebe. Hapo hakuna ufundi wa kamera unaohitajika.

*Nyuma kuna takataka au gari.* Shuka chini zaidi, nyasi zitaficha. Isipowezekana, okoteni takataka hizo pamoja, na umpige akiziokota.

Jioni hiyo hiyo, kabla hujalala, chagua picha kumi na ufute zilizobaki. Mwezi ukiisha, peleka mbili studio zikachapishwe, uzitundike ukutani chini kabisa, kwenye kimo cha mtoto, mahali anapoweza kusimama na kumwonyesha mgeni kwa kidole: "Huyu ni jongoo. Nilimgusa."